Mkamwana Hataji

Mpunga wa Michenga ukianza kutoa masuke, kijiji huhama. Watu hubeba vyungu, mikeka na kuku wao wakateremka mbugani kuamia ndege, na nyumba zinabakia na mbuzi na wazee wasioweza kutembea. Kila shamba lina dungu lake, kila dungu lina mtu wake juu, na tangu jua linapochomoza mpaka linapozama bonde zima ni kelele. Huyu anapiga debe, yule anavuta kamba yenye makopo, mwingine anapiga mayowe mpaka sauti inamkauka. Msafiri asiyejua angedhani watu wote wamepandwa na wazimu.

Paskalina aliwatukana ndege kwa Kirundi.

Si kwamba Kiswahili kilimshinda kabisa. Kiswahili cha jembe alikuwa nacho, na cha sokoni, na cha kuamkiana njiani. Lakini tangu mumewe afariki, Michenga hapakuwa na mtu mwingine wa kusema naye lugha ya kwao, na lugha isiposemwa huwa kama muhogo uliosahauliwa ardhini, hukomaa ukawa nyuzi tupu. Basi akawapa ndege lugha hiyo. Aliwasimulia habari za kilima chao, migomba ya mama yake, ng'ombe aliyetolewa siku ya mahari yake. Akimaliza kusimulia aliwatukana, kwa sababu mpunga ulikuwa mpunga na tumbo lilikuwa tumbo. Kwelea kwelea walikuwa wakinyamaza kidogo kabla ya kuruka na kutua upande wa pili. Baadaye, alipokuja kukaa mbele ya watu wenye meza, alikumbuka kwamba wale ndege angalau walinyamaza.

Alifika bondeni na mumewe, Hermenegildi, mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu, damu ilipomwagika kwao. Hawakuja Kilombero kwa kubahatisha. Hermenegildi alikuwa na kaka yake, Gosbert, aliyekimbia vita vya zamani, vya mwaka wa sabini na mbili, akapokewa na serikali, akapewa karatasi zake za ukimbizi, akakata miwa miaka mingi kisha akahamia Michenga kulima mpunga. Ndiye waliyemfuata. Mtoto wao mmoja aliishia njiani, upande wa Kigoma, wakamzika mahali ambapo Paskalina hakuweza tena kupataja wala kupaelekeza. Gosbert aliwapokea, akawakatia kipande cha shamba, na hakuishi sana baada ya hapo.

Jirani yao wa dungu la pili alikuwa Dorika, Mndamba mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Ni Dorika aliyemfundisha Paskalina kukausha perege na kusema "karibu" kwa namna ya kuonyesha kwamba chakula hakitoshi. Na ni Dorika aliyegundua ile desturi, siku moja ya palizi, katika kuulizana habari za ukoo.

"Mimi baba mkwe wangu alikuwa anaitwa Fulgensi," Dorika alisema. "Alikuwa mkali kama pilipili. Wako je?"

Paskalina alikata jani, akalikata tena vipande viwili.

"Nakuuliza wewe, shoga. Baba mkwe wako aliitwa nani?"

Paskalina aligeuza kichwa akatazama huku na huku, mpaka akamwona mumewe upande wa pili wa shamba, ameinama. Akamwita kwa Kirundi. Hermenegildi akainuka, akajishika kiuno, akacheka, kisha akalitamka jina la baba yake kwa sauti, kama mtu anayemwita mwenzake kutoka ng'ambo ya mto.

"Ndilo hilo," Paskalina alisema, akaendelea kupalilia.

"Na wewe mdomo wako umefungwa na nini?"

Akamweleza kwa Kiswahili chake cha jembe. Kwao mwanamke halitaji jina la baba wa mumewe. Halitaji mkwe akiwa hai, halitaji mkwe akiwa amekufa, na akiwa amekufa ndiyo zaidi. Mgeni akimwuliza, hugeuka akamtafuta mtu wa karibu, yeyote yule, hata mtoto anayepita na ndoo ya maji, naye humsemea. Hakuna anayeshangaa. Mwanamke anayelitaja mwenyewe ni sawa na aliyevua nguo uwanjani.

"Heee!" Dorika alipiga makofi. "Basi kwenu nyie hamwezi kugombana na wakwe. Mtamtukanaje mtu msiyemtaja?"

Walicheka, na Hermenegildi akauliza kutoka kule wanacheka nini. Tangu siku hiyo ukawa utani wao. Dorika akitaka kumchokoza alisimama juu ya dungu lake akapiga mluzi wa Kindamba, akalitamka lile jina, halafu akasema, "Nimekusemea, mkamwana! Nilipe samaki!"

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Paskalina hakumweleza Dorika, kwa kuwa Kiswahili cha jembe hakikulifikia. Siku waliyokimbia, watu walipokuja na mapanga, yule mzee ndiye aliyesimama mlangoni. Alisimama tu, hana hata fimbo, akawasalimia wale vijana mmoja mmoja kwa majina yao na ya baba zao, akiwauliza habari za nyumbani, kana kwamba wamekuja kunywa pombe. Aliuliza polepole. Wakati huo mwanawe na mkamwana wake walikuwa wakipita kwenye migomba nyuma ya nyumba. Jina la mtu kama huyo hulitupi ovyo.

Hermenegildi alikufa kwa homa, masika yalipokuwa yamefunika njia ya kwenda hospitali. Walimzika karibu na kaka yake. Baada ya hapo, Paskalina alilima peke yake, akapika peke yake kwenye chungu kilichokuwa kikubwa mno kwa mtu mmoja, akapanda dungu peke yake. Jumapili alikwenda kusali, akakaa upande wa wanawake, akaimba nyimbo asizozijua maneno yake yote. Watu walikuwa wema. Walimwamkia, wakampa nafasi kwenye mtumbwi. Wema huo ulikuwa wa kumpisha, kama unavyompisha mtu njiani, kisha kila mmoja akaenda kwake.

Mwaka wa tisini na saba likaja tangazo. Wageni wote wasio na karatasi walitakiwa kufika Ifakara mbele ya kamati iliyoundwa kuwasikiliza. Atakayethibitika kuwa mkimbizi wa kweli atapewa kibali na kuachwa alipo mpaka kwao kutulie. Asiyethibitika atarudishwa mpakani. Hilari, mwenyekiti wa kijiji, alikuja mwenyewe na baiskeli mpaka mbugani kumweleza, akashuka na kusimama chini ya dungu.

"Usiogope, dada Paskalina. Lako ni jepesi. Faili la marehemu Gosbert lipo, nimeliona, na jina la baba yao limo. Watakuuliza wewe mke wa nani, mwana wa nani. Ukijibu sawasawa na faili, umekwisha kuwa mtu wa Gosbert, na Gosbert alikuwa mkimbizi wa serikali. Imekwisha."

"Mwana wa nani," Paskalina alirudia.

"Eee. Jina tu la mkwe wako."

Hilari alikuwa mtu mzima na mwenye akili, lakini hakuona kitu usoni mwa yule mwanamke. Alipanda baiskeli akaondoka. Ni Dorika aliyeshuka dungu lake haraka.

"Nakwenda na wewe," alisema. "Wakiuliza, wewe geuka tu. Mimi nipo nyuma yako. Nitalisema kama kengele ya Misheni."

Ndivyo walivyopanga, na ulikuwa mpango mzuri. Wanawake wawili waliondoka alfajiri kwa miguu, viatu mkononi kwa ajili ya matope, na njiani Dorika alikuwa akijizoeza kulitamka, mara kwa sauti ya heshima, mara kwa sauti ya askofu, mpaka Paskalina akacheka, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mazishi.

Mlangoni pa ofisi mgambo aliweka fimbo katikati.

"Aliyeitwa ni mmoja."

"Mimi ni mwenzake," Dorika alisema.

"Mwenzake akae kivulini."

"Mwanangu, huyu ana neno ambalo hawezi kulisema, mimi ndiye—"

"Mama, ndani kuna mkalimani. Maneno yote asiyoweza, atasemewa."

Dorika aliingiwa na furaha aliposikia hivyo. Alimpiga Paskalina begani. "Umesikia? Kuna mtu wa kukusemea." Akaenda kukaa kivulini.

Ndani kulikuwa na meza ndefu, watu watatu nyuma yake, na benchi moja mbele. Mkuu wa kamati aliitwa Bwana Lukelo, mtu wa makamo aliyenyoa vizuri. Hakupiga kelele hata mara moja. Alimwambia Paskalina akae, akamwuliza kama amekunywa maji. Baadaye hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alidhulumiwa na mtu aliyemkaribisha maji.

Mkalimani aliitwa Viktor. Zamani alikuwa dereva wa malori, akipeleka mizigo mpaka Bujumbura, na sasa alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli karibu na stendi. Mtu mchangamfu. Alimwamkia kwa Kirundi, na Paskalina aliposikia maneno yale kutoka katika kinywa cha binadamu, machozi yalimjaa. Alikuwa amekaa na ndege muda mrefu mno.

Wakamwuliza kwa nini alikimbia. Akafungua moyo. Alisema habari za mapanga, za migomba, za yule mzee mlangoni akiwauliza wale vijana hali za mama zao huku mwanawe na mkamwana wake wakipotelea gizani. Alisema mpaka koo likamkauka. Viktor alikuwa akitikisa kichwa, "eh, eh," kama anavyofanya mtu asiyeshika maneno yote lakini hataki mazungumzo yasimame. Kirundi chake kilikuwa cha gereji na cha mama ntilie na cha baa. Kilijua bei, kilijua tairi, kilijua kumtongoza msichana. Hakikuwahi kukaa jikoni na wanawake walioolewa.

Alipomaliza, Viktor aligeukia meza.

"Anasema kulikuwa na fujo, wakakimbia."

Paskalina alilijua neno fujo. Fujo ni ya walevi siku ya mnada. Alimtazama Viktor, naye Viktor akamtikisia kichwa kumpa moyo, kwamba mambo yanakwenda vizuri.

"Baba wa mumewe aliitwa nani?" Bwana Lukelo aliuliza, mkono juu ya faili.

Viktor akatafsiri. Paskalina akamjibu kwa Kirundi cha heshima, polepole: jina lile halitoki kwake. Yupo mtu nje, aitwe, atalisema.

Viktor alikunja uso. Maneno ya kwanza aliyapata, yale mengine yalimpita. "Anasema... hawezi kulisema."

"Hawezi, au hajui?"

Pale ndipo palipokuwa na mlango. Viktor angeweza kumgeukia yule mwanamke akamwuliza tena. Angeweza kusema, sikumwelewa vizuri, mheshimiwa. Lakini alikuwa ameletwa pale kama mtu anayejua Kirundi, watu watatu wa maana walikuwa wakimtazama, na soda yake ilikuwa imefunguliwa mezani.

"Ni kama hajui, mheshimiwa."

"Najua!" Paskalina alisema kwa Kiswahili. "Mimi najua!"

"Mama," Bwana Lukelo alisema kwa upole, "utazungumza kupitia mkalimani. Ndiyo utaratibu, na umewekwa kwa faida yako. Kama unajua, taja."

Basi akafanya walivyofanya mama yake na bibi yake. Akageuza kichwa nyuma, amtafute mtu wa kumsemea. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kulikuwa na ukuta wa kijani na mlango uliofungwa. Alitazama kushoto, akatazama kulia. Hata mtoto na ndoo ya maji hakuwepo.

"Unamtafuta nani?" Bwana Lukelo aliuliza. "Nani anatakiwa akufundishe jibu?"

Viktor alitafsiri hilo vizuri kabisa, bila kuacha hata neno.

Wakamletea kidau cha wino, akaweka dole gumba chini ya maandishi ambayo hakusomewa, si kwa Kirundi wala kwa Kiswahili. Nje Dorika aliinuka, akapangusa matako.

"Amekusemea?"

"Amenisemea," Paskalina alisema. "Amesema sijui."

Dorika alitaka kurudi akampige mtu. Alizuiwa na mgambo, na zaidi alizuiwa na uso wa mwenzake. Walirudi Michenga, viatu mkononi.

Ni Hilari aliyekwenda kuomba asikilizwe mara ya pili. Alikwenda mara kadhaa, maana alijiona amekosea kwa kusema jambo ni jepesi. Hatimaye wakakubali, na safari hii Hilari na Dorika waliruhusiwa kuingia. Wakakaa kwenye benchi, Paskalina katikati. Viktor alikuwa pale pale, na soda nyingine.

Hilari alisimama akaeleza yote: desturi, jina, jinsi mwanamke anavyosemewa na mtu wa karibu. Alieleza vizuri, kama mtu anayeeleza mpaka wa shamba. "Na huyu jirani yake, Dorika, analijua jina hilo tangu marehemu yu hai. Mruhusuni amsemee, mheshimiwa. Mtaona kwamba ni lile lile la kwenye faili."

Bwana Lukelo alisikiliza mpaka mwisho. "Mzee Hilari, mimi pia nina wakwe. Mama mkwe wangu akiingia sebuleni, natoka. Siwezi kudharau desturi ya mtu." Akamgeukia Viktor. "Lakini wewe ndiye uliyeishi kwao. Desturi hii unaifahamu?"

Wote walimtazama Viktor. Paskalina alimtazama pia, akamwomba kwa macho tu.

Viktor alifikiri kwa dhati. Alikumbuka Bujumbura yote aliyoijua: bandari, gereji, wanawake wa sokoni ambao hakuna aliyewauliza habari za wakwe zao. "Nimekwenda kule miaka mingi, mheshimiwa," alisema. "Sijawahi kuisikia."

Hakudanganya. Hilo lazima lisemwe. Mtu anaweza kukumaliza kwa ukweli wake mdogo.

"Basi," Bwana Lukelo alisema, "jibu halitolewi kwa niaba. Mama ataje mwenyewe. Akitaja, tutaona."

Dorika alimshika mkono. Hilari alikohoa. "Taja tu, dada," alinong'ona. "Mungu anaona kwamba umelazimishwa. Taja urudi kwenye mpunga wako."

Paskalina alisimama. Alijifunika kanga kichwani mpaka ikaficha uso, akageukia ule ukuta wa kijani. Nje baiskeli zilikuwa zikipita. Alimwona mzee mlangoni, mgongo wake mwembamba, akiwauliza wale vijana kwa sauti ile ya polepole kama mama zao hawajambo. Kisha akalitaja. Alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuagiza chumvi dukani, na likaingia ukutani likakaa huko.

Hakuna kilichoanguka. Alikuwa amedhani labda kitu kitaanguka.

Bwana Lukelo alifungua faili, akasoma, akawasogezea wenzake nao wakasoma. Hilari alianza kutabasamu kwa kuwa aliona nyuso zao. Jina lilikuwa lenyewe.

"Jina ni sawa," Bwana Lukelo alisema. "Tatizo ni hili. Mara ya kwanza hakulijua. Imeandikwa hivyo na dole lake lipo. Leo analijua. Na katikati alikuwa akikaa na jirani ambaye ninyi wenyewe mmetuambia analijua. Mzee Hilari, ungekuwa wewe huku ungesemaje?"

"Ningesema mara ya kwanza hakueleweka!"

"Alikuwa na mkalimani."

"Huyu mkalimani wenu," Dorika aliruka, "Kirundi chake ni cha kununulia maandazi! Muulizeni kitu kingine! Muulizeni!"

"Mama, kaa chini."

"Sikai! Mwanamke wa watu mmemvua nguo hapa, halafu mnasema mmeshamwona uchi kwa hiyo si bikira!"

Mgambo alimtoa. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani. Ndani Bwana Lukelo alifunga faili, akasema kwa upole ule ule, "Tumemsikiliza mara mbili, mzee. Wengine hawapati hata moja."

Viktor aliinama kumfikia Paskalina, akaanza kumtafsiria uamuzi kwa Kirundi. Huenda alitaka kumpa pole. Paskalina akainua mkono.

"Acha," alimwambia kwa Kiswahili. "Hayo nimeyaelewa."

Lori lilikuja mpunga ukiwa wa manjano, haujavunwa. Dorika aliapa kwamba atauvuna kwa mikono yake na kufagia makaburi mawili kila Jumamosi. Alimfungia perege wakavu kwenye majani ya mgomba, akamfungia na mchele wa mwaka jana. Hawakukumbatiana. Dorika alisimama barabarani, akaweka mikono mdomoni kama anapowafukuza ndege, na Paskalina akajua anataka kufanya nini, kupiga mluzi na kulitamka lile jina kama zamani. Lakini Dorika aliishusha mikono. Utani ule ulikuwa umekufa, na wote wawili walijua nani ameuua.

Ndani ya lori kulikuwa na wanaume wachache wa kutoka pande nyingine, wasiojua Kirundi, na mgambo mmoja aliyelala mdomo wazi. Lilipofika Mang'ula likasimama. Wakampandisha bibi kizee mmoja mwenye fimbo, mjane wa mkata miwa, jina lake Ursula. Alivutwa juu kama gunia. Alipokwisha kupangusa sketi yake alimtazama Paskalina, akatazama jinsi alivyofunga kanga na jinsi alivyokunja miguu, akamwamkia, "Amahoro."

Paskalina alishtuka kama aliyemwagiwa maji. "Amahoro, mama."

"Mtoto wa kwetu! Na mimi nilidhani nitakufa bila kusikia tena." Bibi alikaa karibu, magoti yakagusana. Kirundi chake kilikuwa cha zamani, kirefu, chenye heshima zake zote, Kirundi cha jikoni na cha matanga. Aliuliza habari za nyumbani, za wazazi, za mvua. Kisha akauliza kama wanavyouliza wazee wote duniani: "Na uliolewa kwa nani, mwanangu? Baba mkwe wako ni nani?"

Shingo ya Paskalina iligeuka yenyewe. Alimtazama mgambo aliyelala, akawatazama wale wanaume, akatazama nje, miti ya milimani ikipita. Hapakuwa na mtu. Alipogeuka tena, bibi alikuwa akicheka bila sauti, mabega yakitikisika.

"Aa, nisamehe! Nisamehe, nimezeeka. Hutaji." Alimpigapiga gotini. "Sijaona hivyo miaka mingi. Hawa mabinti waliozaliwa kwenye mashamba ya miwa huwataja wakwe zao kama wanaita kuku. Wewe ni wa kwetu kabisa, mtu hahitaji kuuliza mara mbili. Nani amesema wewe si wa kwetu?"

Paskalina alikaza fundo la majani ya mgomba yenye perege.

"Nani huyo? Mjinga gani? Angekuuliza tu jina la mkwe, akakutazama shingo." Bibi alitikisa kichwa, kisha akasema kwa upole, "Sikumjua mzee wako. Lakini popote alipo, amepata mkamwana mwema."

Maneno ya kujibu yalikuwepo. Yalipanda mpaka kwenye meno. Mama, nimelitaja. Nimelitaja mbele ya wanaume, nikiutazama ukuta, na hawakunipa kitu. Bibi alikuwa akimtazama kwa macho yaliyojaa furaha, macho ya mtu aliyepata cha kwao baada ya maisha mazima, na Paskalina akayameza yale maneno, akaiacha ile sifa imkae mabegani kama kanga ya kuazima.

Lori lilishika njia ya Kilosa. Pembeni mwa barabara palikuwa na shamba la mpunga, na juu ya dungu msichana akipiga debe kwa nguvu zote. Kundi la kwelea kwelea liliinuka kama moshi, likazunguka, likatua nyuma yake.

Bibi Ursula aliendelea kuzungumza. Alikuwa na habari za miaka yote aliyonyamaza, na njia ilikuwa ndefu. Paskalina alimjibu ndiyo, akamjibu hapana, akamjibu ni kweli, mama. Yale mengine yote alikuwa amewapa ndege.